Begonia: Ua la Kivuli kwa Nyumba ya Chumba Kimoja

Mwezi huu tuongee maua. Najua wengine watasema: kodi bado haijalipwa, maua ya nini? Lakini aliyezoea kulima shamba kule nyumbani, halafu akaja Nsambya ama Katwe kupanga muzigo usio na uwanja, anajua mikono inavyowasha ikikosa udongo. Begonia haidai shamba. Kopo na kivuli kidogo vinaitosha, na siku mwenye nyumba akikuhamisha unaibeba tu.

Tena siyo mgeni kwetu. Iko begonia ya porini inayopanda juu ya miti kwenye misitu ya milima ya Kongo mashariki, Rwanda, Burundi na Uganda, hadi Kilimanjaro. Wazungu waliipa jina la Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889. Hizi za kwenye makopo, nyingi asili yake ni Brazili na India, lakini tabia ni ileile ya mtoto wa msituni: kivuli, hewa na unyevu wa kiasi.

Hapo kwenye kiasi ndipo wengi wanaziua. Ukiona jani limelegea usikimbilie jerikani. Chomeka kidole: udongo ukiwa mkavu juu, mwagilia taratibu pembeni ya shina, ukiwa bado na maji, acha, maana mizizi imeanza kuoza na maji zaidi ni kuimaliza. Toboa kopo chini, weka vipande vya mkaa, kisha udongo mweusi uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ondoa kopo chini ya mabati yanayodondosha maji. Jua la asubuhi halina neno, la saa sita linaunguza majani. Yakitoka unga mweupe, kata yaliyougua na usibananishe makopo. Maji ya kwenye kisahani cha chini yamwage, mbu wasipate pa kuzalia.

Wazazi, sikieni vizuri: begonia hailiwi. Utomvu wake unachoma mdomo na koo, na mizizi ndiyo mibaya zaidi. Mtoto akitafuna, msafishe kinywa, mpe maji kidogo kidogo, usimtapishe. Akivimba ama kupumua kwa shida, mbio kwenye kituo cha afya. Kwa hiyo kopo likae juu, siyo sakafuni anapotambaa mtoto.

Utamu wake uko kwenye kuzaa. Ile ya majani makubwa ya rangi rangi, chukua jani moja, kata mishipa yake kwa nyuma sehemu tatu nne, lilaze juu ya mchanga wenye unyevu, ulifunike na chupa ya plastiki iliyokatwa. Baada ya wiki sita hivi, kila penye mkato unaweza kuchipuka mche. Yenye shina refu, kata tawi ulichomeke tu. Unaweza kuwauliza wauza miche wa kando ya barabara hapa Kampala kama watainunua, ikiwa imeshika vizuri na haina unga.