Falsafa kwa Kihispania: soko la vitabu visivyotoka haraka

Anayetaka kumsoma Heidegger kwa Kihispania ana tafsiri mbili za Ser y tiempo za kuchagua. Moja ni ya José Gaos, iliyotolewa Mexico mwaka 1951 na shirika la Fondo de Cultura Económica. Nyingine ni ya Mchile Jorge Eduardo Rivera, iliyotoka Santiago mwaka 1997, kisha Madrid mwaka 2003 kwa wachapishaji wa Trotta. Kwa kitabu kigumu kiasi hicho, kupata wachapishaji wawili walio tayari kufungia mtaji wao humo si jambo dogo.

Mizizi ya soko hili ni vita na fedha za umma. Daniel Cosío Villegas alianzisha Fondo mwaka 1934 akiwalenga wanafunzi wa uchumi. Vita vya Hispania vya 1936 hadi 1939 vikawatupa wasomi wengi uhamishoni, na Mexico ikajipatia watafsiri wa daraja la kwanza: Gaos, aliyekuwa mkuu wa chuo kikuu Madrid, na Wenceslao Roces, aliyewatafsiri Marx na Hegel. Kwa kuwa Fondo ni shirika la dola, liliweza kusubiri kitabu kirudishe gharama polepole.

Kampuni binafsi zilitafuta njia nyingine. Arnaldo Orfila, baada ya kuondolewa Fondo mwaka 1965, alianzisha Siglo XXI, iliyomleta Foucault kwa wasomaji wa Kihispania. Huko Madrid, mwaka 1966, ikaanzishwa kampuni ya Alianza, iliyoshusha bei kwa vitabu vya mfukoni. Gredos ikaanza mwaka 1977 mfululizo wa Wagiriki na Warumi uliopita juzuu 400, Plato na Aristotle wakiwamo.

Sheria nayo inabeba sehemu yake. Hispania, kwa sheria ya mwaka 2007, mchapishaji ndiye anayepanga bei, na kwa siku za kawaida muuzaji haruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 5. Argentina na Mexico pia zina sheria za bei moja. Duka dogo lenye rafu ya falsafa haliwezi kuuawa na duka kubwa kwa vita vya bei.

Tatizo liko mipakani. Lugha ni moja, lakini haki za kuchapa huuzwa kwa maeneo, na kitabu cha Barcelona hufika Buenos Aires kikiwa kimebeba nauli na mzigo wa kubadilisha fedha. Peso ikiporomoka, bei inapaa. Hapo mnunuzi hugeukia mitumba: mtaa wa Donceles jijini Mexico, barabara ya Corrientes kule Buenos Aires, au vibanda vya mbao vya Cuesta de Moyano, Madrid, vilivyo kando ya Bustani ya Mimea tangu 1925.

Siku hizi kuna bidhaa mpya inayokwenda kasi: kitabu chembamba. Herder ya Barcelona ilitoa La sociedad del cansancio cha Byung-Chul Han mwaka 2012, na vingine vyake vikafuata. Vitabu hivyo huingiza fedha mapema. Lakini vyuo vikuu huagiza Plato na Hegel kila mwaka wa masomo, kwa hiyo mchapishaji anayeacha orodha yake ya zamani iishe ghalani bila kuichapa upya anajinyima mteja wa uhakika.