Mlima wa Moto na Chombo cha Kupimia Mitetemeko

Watu wengi huuliza: yaliyomo ndani ya mlima wa moto hujulikanaje? Kandokando ya Nyiragongo, katika nchi ya Kongo, vimewekwa vyombo vya kupimia mitetemeko. Mawe yaliyoyeyuka yapandapo hupasua miamba, na ardhi hutikisika kidogo sana, hata mtu asihisi. Lakini chombo huandika. Mitetemeko izidipo, wataalamu huonya.

Walakini tarehe 22 Mei 2021 dalili zilitokea muda usiotimia saa moja kabla ya moto kufurika kuelekea Goma. Baadaye mitetemeko ilionyesha ya kuwa mawe yale ya moto yapenya chini ya mji wenyewe; basi tarehe 27 Mei watu wa mitaa mingi wakaamriwa kuhama.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, chombo kikinyamaza usidhani mlima umelala. Na amri ya kuhama ikija, usingoje kuona moshi.