FUNDI WA VITI NA KARATASI YAKE
Jinsi ujuzi wa mkono unavyopimwa kwa mtu anayetaka kufanya kazi nje ya inchi



Mwezi wa tatu tulitumwa mjini Kasongo kupeleka fotei tano za sebule ya wageni kwa fundi, kwa kuwa resori zilikuwa zimetoboa kitambaa na hakuna mgeni aliyeweza kukaa vizuri. Tulibaki pale siku mbili, tukimsaidia kung'oa misumari ya zamani. Katika kazi hiyo ndipo tulisikia habari ambayo tunataka kuwaeleza leo.

Fundi yule alijifunza kazi kwa mjomba wake, miaka minane. Kisha akashika njia ya Kabambare, akapita Fizi mpaka Baraka, akavuka ziwa Tanganyika kutafuta maisha ng'ambo. Akapata kiwanda kidogo cha makochi. Mkubwa wa pale akamwuliza neno moja tu: «Cheti chako kiko wapi?» Yeye akajibu: «Miye niko na mikono, unipe kiti uone.» Hakupewa kiti. Alipewa kubeba sponji na kung'oa misumari, kwa mshahara wa msaidizi, mwaka mzima. Kijana mwenye cheti ndiye alikata kitambaa, na mara nyingi alikikata vibaya. Mwishoni baba fundi alirudi nyumbani.

Hakutueleza hayo kwa kulalamika. Alitueleza kwa sababu ya kijana anayejifunza kwake, mwenyeji wa Kabambare, ambaye anataka kuacha kazi aende kuchimba zahabu upande wa Namoya. Kijana anasema: «Kazi hii haina karatasi, itanifikisha wapi?» Swali hilo lilitushika. Tukauliza walimu, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

1. KUPIMA UJUZI MAANA YAKE NINI?

Sisi wanafunzi tunajua Egzamen ya Serikali. Unasoma miaka, kisha unapimwa, kisha unapata diploma. Wengi wanafikiri kwamba asiyeketi darasani hawezi kupimwa. Si kweli. Katika inchi nyingi fundi aliyejifunza kwa mjomba wake au kazini anaweza kwenda mbele ya wapimaji na kusema: kazi ninaijua, munipime. Hawamwulizi kwanza alisoma wapi. Wanamwuliza anaweza kufanya nini.

2. WAPIMAJI WANAANGALIA NINI?

Tuchukue kazi yenyewe ya fundi wa viti, yule tunayemwita kwa Kifaransa garnisseur. Mtu wa nje anaona kitambaa tu. Mpimaji anaanzia chini ya kitambaa.

Kwanza mbao: fremu imeungwa vizuri, ao inacheza? Pili mikanda ya chini: imevutwa sawasawa na kufumwa moja juu moja chini, ao imelegea? Tatu resori: kwa kazi nzuri ya zamani, kila resori inafungwa kwa kamba njia nane, mbele na nyuma, kushoto na kuume, na pembe kwa pembe, ili isikimbie upande mtu anapokaa. Nne sponji: ya kukalia inapaswa kuwa nzito na ngumu kuliko ya mgongo. Tano kitambaa: mistari ya kiti na ya mgongo ikutane, na manyoya ya velu yaelekee upande mmoja, bila hivyo kiti kimoja kitaonekana cheusi na kingine cheupe hata kama velu ni ile ile. Mwisho wanaangalia mishono, pembe, vifungo, na pia kitambaa kiasi gani kimetupwa bure.

Pamoja na hayo wanauliza maswali. Kwa nini umechagua sponji hii? Ungehesabu namna gani meta za kitambaa kwa salon ya viti saba? Hapo mafundi wetu wengi wanaanguka. Mkono unajua, lakini mdomo haukuzoea kueleza. Baba fundi alipotuonyesha kamba nane tulimwuliza: «Kwa nini nane?» Akacheka: «Mjomba alifanya vile.» Siku ya pili, kisha kufikiri usiku, alitueleza vizuri kabisa. Jibu alikuwa nalo. Hakuna mtu aliyemwuliza mbele ya siku ile.

Tena kila inchi iko na sheria zake. Katika Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1988, sponji na vitambaa vya viti vya nyumbani vinapaswa kushinda majaribio ya moto, kwa maana watu wengi walikufa kwa moshi wa sponji inayoungua. Fundi anayekwenda kule bila kujua hilo, hata awe hodari namna gani, atatengeneza kiti kisichoruhusiwa kuuzwa.

3. NANI ANAPIMA?

Kwetu Kongo kuna INPP, ni kusema Institut National de Préparation Professionnelle, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kazi yake ni kufundisha na kuendeleza watu wa kazi, hata wale ambao ni wakubwa tayari. Anayetaka kupimwa aanze kwa kuuliza kule: kazi yangu munaipima? Wapi? Bei gani? Aulize mbele ya kufunga safari, si kisha kufika.

Katika Tanzania kuna VETA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Wako na njia ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini. Anapimwa, na akikutwa na upungufu anafundishwa ule upungufu, harudishwi mwanzo kama mtoto.

Katika Kenya ni NITA. Jaribio lao la ufundi liko na madaraja matatu: la III ni la kuanzia, la II la katikati, la I la juu. Fundi anapanda moja moja kwa kadiri ya ujuzi wake.

Katika Ufaransa kuna njia inayoitwa VAE, tangu sheria ya tarehe 17 Januari 2002. Mtu anaandika kitabu cha kazi zake zote, kisha anasimama mbele ya jury. Kule kazi ya tapissier iko na cheti cha CAP cha namna mbili: kimoja cha viti, kingine cha mapambo, kama vile mapazia. Na Australia iko na ofisi ya serikali, Trades Recognition Australia, ambayo inachunguza kwanza karatasi za kazi za mtu, na mara nyingine inamwuliza maswali ya kazi na kumwona akitumika.

Inchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya hiyo iko na Protokoli ya Soko la Pamoja, iliyoanza tarehe 1 Julai 2010, nayo inasema kwamba inchi zitambuane vyeti na ujuzi wa watu wao. Ni neno zuri kwetu ambao ziwa si mbali. Lakini hakuna mtu anayeweza kutambua cheti ambacho hakipo.

4. UFANYE NINI KUANZIA LEO?

Mutaona kwamba popote tulipotazama, wapimaji wanaomba kitu kimoja: ushuhuda wa kazi. Hapo ndipo sisi wa Kasongo na Kabambare tunashindwa mbele ya kufika. Kwa hiyo:

a) Fundi awe na daftari. Kila kazi aandike tarehe, kitu gani, alifanya nini, vifaa gani, siku ngapi.
b) Apige picha tatu kwa simu: kiti kilivyokuja, kiti kikiwa wazi ndani, kiti kilivyokwisha. Ile ya katikati inapita zote, kwa sababu inaonyesha kazi iliyofichwa.
c) Aombe barua kwa wale aliowatumikia: parokia, shule, hospitali, duka. Barua iwe na tarehe, sahihi na muhuri.
d) Aliyeajiriwa akumbuke haki yake. Kodi ya Kazi ya inchi yetu, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamlazimisha mwajiri kumpa mtu, mkataba unapokwisha, karatasi inayosema alifanya kazi gani na kwa muda gani.
e) Ajifunze majina ya vyombo na vifaa vyake kwa Kifaransa, na kama anaelekea Nairobi, kwa Kiingereza pia.

5. TUJIHADHARI

Kuna watu wanaozunguka na kusema: nipe feza, nitakuletea cheti cha ng'ambo bila kupimwa. Huyo ni mwizi. Cheti cha uongo kikigunduliwa kinamfungia mtu mlango hata kwa ujuzi wake wa kweli.

Tena karatasi ya ufundi si viza. Inasema kwamba unajua kazi, basi. Haisemi kwamba inchi fulani imekuruhusu kuingia. Hayo ni maombi mengine, na ofisi nyingine. Mtu asiuze shamba la baba yake kwa kuchanganya mambo hayo mawili.

Na hata asiyekwenda mahali popote, daftari lile litamfaa. Shule ikitafuta mtu wa kutengeneza viti hamsini, itampa nani kazi? Yule mwenye kuonyesha.

KWA KUMALIZA

Ndugu zetu, sisi tunajua kuandika. Mafundi wetu wanajua kazi. Kwa nini tusisaidiane? Sisi viongozi wa wanafunzi tumeanza na yule kijana wa Kabambare. Kila Siku ya Posho kisha usafi wa shule, wawili kati yetu wanakwenda kwa baba fundi. Kijana anaeleza, sisi tunaandika kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kisha yeye anasoma kwa sauti na kusahihisha pale tulipokosea, na tunakosea sana. Daftari limefika ukurasa wa kumi na moja. Fotei zetu tano ziko ndani, na picha zao.

Hajasema kwamba ameacha mawazo ya Namoya. Alisema tu kwamba atangoje mpaka daftari lijae. Sisi wa mwaka wa mwisho tutaondoka kisha egzamen, na daftari halitakuwa limejaa. Tunatafuta wawili wa mwaka wa tatu wenye mwandiko mzuri ambao watashika kazi hii. Anayetaka atuone refectoire kisha chakula cha mangaribi.

Na wewe, unapokwenda likizo, angalia kwenu: fundi wa viti, wa mbao, wa kushona, wa pikipiki. Umpelekee daftari moja na kalamu. Ukae naye, umwulize: «Kwa nini unafanya hivi?» Uandike jibu lake.

Viongozi wa wanafunzi