"Alleged" si hirizi

Ukisoma habari za polisi na mahakama katika gazeti lolote la Kiingereza, neno "alleged" halitakupita. Kazi yake ni kumjulisha msomaji kwamba jambo limesemwa na mtu, bado halijathibitishwa. Hapo halina ubaya. Lakini waandishi wengi wamelifanya hirizi: wanalifunga kwenye kila sentensi wakiamini hawatashtakiwa.

Sheria ya kashfa ya Uingereza haisemi hivyo. Anayerudia kashfa ya mwenzake anaibeba kama yake, hata akitanguliza "alleged" mara kumi. Kinachomkinga mwandishi ni mambo kama ukweli anaoweza kuuthibitisha, au taarifa sahihi na ya haki ya yaliyosemwa mahakamani.

Mfano ninaoutumia sana ni wa Bristol. Desemba 2010 polisi walimkamata Christopher Jefferies, mwalimu mstaafu, baada ya mpangaji wake Joanna Yeates kuuawa. Magazeti yakamchambua nywele, tabia, hata mashairi aliyopenda wanafunzi wake wayasome. Akaachiwa bila kushtakiwa. Julai 2011 magazeti manane yalikubali kumlipa fidia, na Mahakama Kuu ikalitoza Daily Mirror faini ya pauni 50,000 na The Sun pauni 18,000 kwa kudharau mahakama. Muuaji alikuwa jirani, Vincent Tabak. Msomaji aliyechorewa mtu wa kutisha namna ile alishatoa hukumu, na hakuna neno moja la tahadhari ambalo lingeitengua.

Kuna na kosa la mahali pa kuliweka. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la AP unakataza kuuita mkutano "unaodaiwa" ikiwa mkutano ulifanyika kweli na kinachobishaniwa ni kama fulani alihudhuria. Shaka iwekwe palipo na shaka. Mwongozo huohuo unataka chanzo cha tuhuma kitajwe, na kwangu hilo ndilo kubwa zaidi.

Sisi nasi tuna "inadaiwa", na imeshazoea uvivu uleule. "Inadaiwa mtuhumiwa alivunja duka usiku." Inadaiwa na nani? Polisi, mwenye duka, au mpita njia aliyesimuliwa na mwenzake? Tena duka limevunjwa, kufuli liko chini, kila mtu ameliona. Kisichojulikana ni aliyevunja. Andika: "Duka lilivunjwa usiku. Polisi wanamtuhumu kijana mmoja, ambaye bado hajafikishwa mahakamani." Maneno yameongezeka kidogo, lakini msomaji amejua nani kasema nini na kesi imefika wapi.

Basi mwandishi, kabla hujamtumia mhariri habari yako, pitia kila "inadaiwa" na utaje anayedai. Ukimkosa, sentensi hiyo iondoe.