Fahamu: Mapenzi ya barua kutoka gerezani

Barua imeandikwa kwa mkono, inanukia sala na toba. Mwandishi wake anasema yuko Gereza la Ruanda, Mbeya, kwa kosa la kusingiziwa. Mwanamke anayeandikiwa yuko Iringa. Baada ya barua kadhaa ndoa imeshaahidiwa, imebaki faini tu ili atoke.

Hapo ndipo pa kusimama. Barua ya mfungwa hupita mikononi mwa askari magereza kabla ya kutoka. Inayokufikia kwa mlango wa nyuma, ikiwa na namba ya simu ya “kaka” wa kutumiwa pesa, ina walakini. Faini ya mahakama haiendi kwenye simu ya mtu: hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu, ukapewa risiti.

Ulaghai huu una historia nzito. Miaka ya 1980, Kirksey Nix, mfungwa wa gereza la Angola, Louisiana, Marekani, aliwaandikia na kuwapigia simu wanaume wapweke akijifanya mpenzi anayehitaji fedha ili awe huru. Fedha hizo zilihusishwa na mauaji ya Jaji Vincent Sherry na mkewe Margaret, mjini Biloxi, mwaka 1987.

Kwetu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa hadi miaka 7 jela kwa kujipatia mali kwa udanganyifu. Dada uliyetapeliwa, aibu si yako. Tunza barua na miamala yote, uende polisi.