Gumba Halilii

Ilikuwa matanga, upande wa Magharibi ya Kenya, usiku wa kuamkia maziko. Vijana wa muziki walikuwa wameleta maspika ya kukodi, marefu kuliko mlango wa jikoni, na nyimbo za kwaya zilipowaishia wakamweka Jim Reeves. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya jitu lenye mafua. Besi ilijaa uani mpaka vikombe vya chai vikatetemeka mikononi, na maneno hayakushikika. Mzee aliyeketi kando yangu alivumilia nyimbo mbili, ya tatu akanigeukia. "Huyu hatangaziwi kijiji, mwanangu," alisema. "Huyu huongea na mtu mmoja."

Mimi hufundisha gitaa, na mzee yule alikuwa amesema kwa pumzi moja jambo ambalo hunichukua mwezi mzima kulifikisha kwa mwanafunzi. Nyimbo hizi za taratibu, za gitaa kavu na sauti moja au mbili, ambazo wengine huziita foku, wengine kantri, na wengi wetu huziita tu nyimbo za Jumapili, zina huzuni iliyotengenezwa kwa ufundi. Ufundi huo husikika ukijua pa kutega sikio.

Tuanze na huyo aliyeharibiwa na maspika. Jim Reeves alizaliwa Texas mwaka 1923, akacheza besiboli, akawa mtangazaji wa redio, ndipo nyimbo zikamkubali. Rekodi zake za mwanzo aliimba kwa sauti ya juu na ya kupaza, kama waimbaji wengi wa kantri wa enzi hizo waliozoea kumbi zenye makelele. Mwaka 1957 alirekodi "Four Walls" mjini Nashville, prodyuza akiwa Chet Atkins, na safari hii akashusha sauti na kusogea hadi midomo yake ikakaribia kugusa maikrofoni. Sasa, maikrofoni nyingi za studio zina tabia moja: kinywa kikikaribia sana, sauti nzito huvimba kupita kiasi chake cha kawaida. Kwa mafundi wengi hiyo ni kasoro. Reeves aliigeuza kitendea kazi. Sikio limejifunza tangu utotoni kwamba mtu unayemsikia kwa sauti nzito, ya chini, pamoja na pumzi zake, hawezi kuwa mbali. Yuko begani pako. Santuri ile inakudanganya kuhusu umbali, nawe unakubali kudanganywa. Vijana wa matangani walichukua besi iliyokwisha kuvimbishwa studioni wakaivimbisha mara ya pili, na mtu wa begani akageuka jitu la uwanjani.

Watu wengi hudhani huzuni ya nyimbo hizi imo kwenye maneno: kifo, treni, mama aliyebaki nyumbani, mpenzi aliyeondoka. Lakini nimewaona wazee wasiojua Kiingereza hata kidogo wakinyamazishwa na nyimbo hizohizo, macho chini. Wanafunzi wangu waliokwisha kusoma nadharia kidogo huja na jibu jingine, kwamba huzuni ni kazi ya skeli ya maina. Hapo huwa nacheka. Nyimbo nyingi sana za huzuni za kantri zimejengwa juu ya meja, kwa kodi tatu tu (ndivyo wanamuziki wanavyoziita, mamlaka ya mapato haihusiki), zilezile utakazozikuta kwenye wimbo wa harusi. "Malaika", ambao Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, nao uko kwenye meja, na sijakutana na mtu anayeuona ni wimbo wa furaha. Meja ikienda polepole huwa kama mtu anayetabasamu huku akikueleza jambo gumu. Tabasamu hilo huuma kuliko machozi.

Wanaochunguza namna hisia zinavyosikika kwenye usemi wa watu wameeleza mambo yaleyale kwa muda mrefu. Mwenye huzuni huongea polepole, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka sana, na mwisho wa sentensi humfia mdomoni. Gitaa kavu lina tabia hiyo kwa maumbile. Filimbi hulishwa na pumzi, fidla hulishwa na upinde. Uzi wa gitaa hupewa nguvu mara moja tu na kuachwa. Sauti yake huanza kufa papo hapo, na vinavyotangulia kufa ni vile visauti vyembamba vya juu vinavyoipa mng'ao. Kwa hiyo kila noti huanza ikiwa angavu na kuishia na kiza. Kwenye bendi ya dansi hulisikii hilo, maana noti mpya huifunika ya zamani kabla haijazeeka. Kwenye wimbo wa taratibu kuna nafasi, na sikio hupata muda wa kuisindikiza noti mpaka inapopotelea.

Kwa nini tuyapende mambo haya badala ya kuyakimbia? Mtafiti wa muziki David Huron alipendekeza mwaka 2011 kwamba muziki wa huzuni huuchokoza mwili utoe prolaktini, homoni ileile ya kunyonyesha, ambayo kwa maoni yake humpoza mtu aliyefikwa na majonzi. Na kwa kuwa msiba wenyewe haupo, kinachobaki ni kule kupozwa. Dhana hii inavutia, ingawa haijathibitishwa. Mimi naridhika na maelezo yasiyohitaji maabara. Yako kwenye kidole gumba.

Anayepiga gitaa kavu kwa vidole ana watu wawili ndani ya mkono wake wa kulia. Gumba hukaa kwenye nyuzi tatu nene na kutembea: moja, mbili, tatu, nne, bila haraka na bila kuchelewa. Kidole cha shahada huchezea nyuzi nyembamba, kikisema kinachotaka kusema. Mwanafunzi mgeni akifika kwenye mstari wa kuhuzunisha, gumba lake hupunguza mwendo, kwa huruma. Ndiyo kasoro ninayoisahihisha kuliko zote. Mwimbaji ana ruhusa ya kuchelewa. Sauti yake inaweza kuvunjika, anaweza hata kunyamaza. Gumba linaendelea, kama yule jirani anayechota maji siku ya msiba kwa sababu watu lazima wapate chai. Huzuni ninayoizungumzia hukaa katikati ya hao wawili, anayeshindwa na asiyesimama. Ukilifanya gumba nalo lilie, wimbo unakuwa wa kudeka.

Ufundi huu una historia, na si ya mahali pamoja. Kiangazi cha 1927, kampuni ya santuri ya Victor ilimtuma Ralph Peer na mitambo yake hadi Bristol, mji ulio kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia, kuwasikiliza wanamuziki wa milimani. Miongoni mwa waliorekodiwa tarehe 1 Agosti alikuwamo Maybelle Carter, mwenye umri wa miaka 18 na mimba iliyokwisha kukua. Alikuwa amepindua kazi ya kawaida: gumba lake lilibeba wimbo kwenye nyuzi nene, na kidole cha shahada kilipangusa kodi juu yake. Baadaye familia ya Carter ilishirikiana na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi wa Tennessee, ambaye Maybelle alijifunza kwake na ambaye alizunguka na shemeji wa Maybelle, A. P. Carter, wakikusanya nyimbo vijijini. Jina la Riddle halikuandikwa kwenye santuri. Historia ya muziki huu ina mashimo mengi ya namna hiyo, na mara nyingi aliyezama shimoni ni mtu mweusi.

Huko Kentucky, Merle Travis alipiga kwa gumba na shahada peke yake. Kijana mmoja alimsikia redioni, hakuamini kwamba vidole viwili vingeweza kutoa vyote hivyo, akajifunza kwa kuongeza vidole vingine. Kijana huyo ni Chet Atkins, yuleyule aliyekuja kuwa prodyuza wa Jim Reeves. Nampenda kwa kosa hilo.

Na mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, katika Katanga, mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco akipiga "Masanga". Gumba na shahada, tena. Kiswahili cha Katanga na gitaa hilo vilifika Nairobi kupitia santuri na baadaye kupitia wapigaji wenyewe, na kwetu Magharibi akina George Mukabi wa Kisa wakajenga omutibo: gitaa kavu, vidole viwili, na chupa tupu ya soda ikigongwa pembeni. Omutibo ni muziki wa kuchezeka, sikatai. Lakini sikiliza "Sengula Nakupenda" ya Mukabi, ambaye aliuawa mwaka 1963 akiwa bado kijana, halafu uniambie kama anayeimba ana raha kamili. Sisemi Katanga waliiga Kentucky, ingawa santuri za Marekani zilikuwa zimetapakaa Afrika. Gitaa lina nyuzi sita popote lilipo, mkono una vidole vitano, na mtu aliye peke yake jioni anataka kusikia kama wako wawili.

Tunajua, hata hivyo, santuri moja ilifika wapi. Siku tatu baada ya akina Carter, kwenye chumba kilekile cha Bristol, alirekodiwa Jimmie Rodgers, mtu wa reli kutoka Mississippi aliyekuwa na kifua kikuu. Sauti yake ilikuwa ikikatika katikati ya mstari na kuruka juu, ile yodeli, wakati gitaa lake likienda kama treni ya mizigo. Kufikia Mei 1933, aliporekodi mara ya mwisho jijini New York, ilibidi alale kitandani kupumzika kati ya wimbo na wimbo. Alifariki tarehe 26 mwezi huohuo, akiwa na miaka 35. Miaka 17 baadaye Tracey alifika Kapkatet, nchi ya Wakipsigis, akawakuta wasichana wakiimba kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, huku wakisindikizwa na chepkong, ala ya nyuzi, ndugu wa nyatiti. Jina hilo ni Jimmie Rodgers lililopita kwenye ulimi wa Kikipsigis. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, walimwona kama nusu mtu, nusu paa. Wengine huicheka hadithi hii. Mimi naona wasichana wale walisikia sawasawa: sauti inayopasuka kwa namna ile, ikitoka kwenye sanduku, bila mtu, ni ya kiumbe gani?

Anayetaka kuanza na rekodi za karibu zaidi nasi kwa wakati, ninamwelekeza kwenye mbili. "Pink Moon" ya Mwingereza Nick Drake, iliyotoka mwaka 1972, ilirekodiwa London kwa usiku mbili na haifiki hata nusu saa. Ni yeye na gitaa lake, na piano kidogo kwenye wimbo mmoja tu. Drake alizifunga nyuzi zake kwa namna zake mwenyewe, nyingine akizilegeza chini ya kawaida, ndiyo maana gitaa lake linasikika kama limetolewa majini. Alikufa mwaka 1974 akiwa na miaka 26. Wengi humsikiliza kwa sababu ya kifo hicho, na nadhani wanamdhulumu, maana mkono wake wa kulia ulikuwa na nidhamu ya fundi saa. Ya pili ni "Time (The Revelator)" ya mwaka 2001, ya Gillian Welch na mwenzake David Rawlings, iliyorekodiwa karibu yote katika Studio B ya Nashville, alimorekodi Jim Reeves pia. Wimbo wa mwisho una zaidi ya dakika 14 na haubadiliki karibu kitu. Mara ya kwanza nilidhani umekwama. Siku hizi ndio ninaoanza nao.

Lakini usizisikilize kwa spika ya simu. Nyuzi tatu nene za gitaa, makazi ya gumba, hutetema takriban mara 82, 110 na 147 kwa sekunde, na spika ya simu, iliyo ndogo kama ukucha, haiwezi kusukuma hewa kwa uzito huo. Ubongo hujitahidi kuziba pengo, lakini kinachobaki ni mwimbaji anayelalamika juu ya nyuzi nyembamba, bila yule jirani wa kuchota maji. Hapo ndipo vijana husema muziki huu unachosha, na kwa walichosikia hawajakosea. Visikizio vya bei ya chini vya kuchomeka masikioni vinatosha kabisa. Sauti iwe ndogo, chumba kimya, na wimbo wa kwanza uusikilize gumba peke yake, ukimwacha mwimbaji aendelee na yake.

Usiku ule wa matanga jenereta iliishiwa mafuta kama saa nane. Vijana wa maspika wakaondoka na mtungi kutafuta petroli, na uani pakabaki moto, kikohozi cha hapa na pale, na wale waliolala kwenye viti. Jamaa mmoja akaleta gitaa lililopasuka ubavu, penseli imefungwa kwa mpira wa baiskeli juu ya nyuzi shingoni, akaanza kuimba kwa sauti ya kuongea. Mwingine akapata chupa ya soda na msumari. Mpigaji hakuwa hodari. Kulikuwa na kodi moja aliyoikosea kila alipoifikia, mpaka tukaanza kuisubiri. Gumba lake halikusimama hata mara moja. Walioketi mbali na moto wakaanza kusogeza viti.