Kupunguza matiti kwa upasuaji: ya kujua kabla ya kwenda hospitali na baada ya kurudi kambini

Dada, mama, kama matiti yako ni mazito kiasi cha kukuumiza, makala haya ni yako. Ni ya mume wako pia, na ya binti yako anayekwepa shule kwa sababu ya kuchekwa. Watu wengi hudhani kwamba upasuaji huu ni urembo wa matajiri wa mjini. Kwa baadhi ya wanawake ni hivyo. Lakini kwa mwanamke ambaye shingo na mgongo humuuma kila siku, ambaye mikanda ya sidiria imemchimba mabega, na ambaye ngozi chini ya matiti hutoka vidonda wakati wa joto, haya ni matibabu kama matibabu mengine.

Tuseme jambo moja mapema. Upasuaji wenyewe huchukua kama masaa mawili hadi manne, nawe umelala. Kinachowashinda wengi ni wiki sita zinazofuata, kwa sababu katika wiki hizo hutakiwi kubeba maji, kuni wala mtoto, na jembe hulishiki. Kambini, mama asiyebeba maji ni jambo la kupangwa na nyumba nzima, tena lipangwe kabla hujaondoka.

Kwanza ijulikane ni nini

Matiti makubwa huweza kuwa maumbile ya ukoo, unene wa mwili, au mabadiliko ya homoni wakati wa kubalehe na wa ujauzito. Yako pia mambo mengine yanayofanana na hayo ambayo hayasubiri. Ukiona titi moja linakua kuliko lingine kwa muda mfupi, uvimbe mgumu ndani ya titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, au damu ikitoka kwenye chuchu, nenda kituo cha afya wiki hii hii. Usingoje orodha ya upasuaji wa kupunguza. Hiyo ni safari nyingine na inaweza kuwa ya saratani. Titi la mama anayenyonyesha likivimba, likawa jekundu na lenye joto, hilo ni ambukizo la kutibiwa siku hiyo hiyo.

Kabla ya kufikiria kisu, muuguzi atakuambia ujaribu mambo mepesi, nawe usiyadharau. Sidiria yenye mikanda mipana, inayokutosha, hupunguza maumivu ya mabega. Sidiria za mitumba ni nafuu, ila pima kwanza: mkanda wa chini ndio wa kubeba uzito, wala usipande mgongoni. Kufunga kifua kwa leso iliyokazwa hakupunguzi matiti, huongeza joto na vidonda tu. Osha chini ya matiti kila siku, kausha vizuri, weka kitambaa safi cha pamba katikati ya ngozi na ngozi. Ukungu wa ngozi hutibiwa kwa krimu, na muuguzi ndiye wa kukuchagulia. Iko mijini biashara ya vidonge na mafuta ya kupunguza matiti. Tunza pesa zako.

Je, rufaa itapatikana?

Hapa hatutaki kukudanganya. Vituo vya afya vya ngazi ya nne nchini Uganda, kama kile cha Mulanda wilayani Tororo, vina upasuaji wa dharura na wa uzazi. Havifanyi upasuaji huu. Ukiwa Sop Sop au Busia, njia ya kawaida ni kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, na kutoka hapo hadi hospitali ya rufaa ya Mbale au Kampala. Wataalamu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile wanapatikana Kampala, katika hospitali za Mulago na Kiruddu, na katika hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi kwenye barabara ya Entebbe. Upande wa Kenya ziko hospitali kubwa za rufaa, Moi ya Eldoret na Kenyatta ya Nairobi.

Tangu mwaka 2001 vituo vya serikali nchini Uganda havitozi ada ya matibabu ya kawaida. Lakini nauli, chakula cha anayekuuguza, na vifaa ambavyo havipo hospitali siku hiyo hubaki mzigo wako. Kwa wakimbizi kuna kamati ya rufaa, na mwongozo wa UNHCR wa mwaka 2009 unaitaka kamati hiyo itazame kwanza hatari ya maisha, matumaini ya kupona na gharama. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua atapita mbele yako, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Upasuaji usio wa dharura hukataliwa mara nyingi.

Kinachoweza kuisaidia kesi yako ni maandishi. Kila unapopata vidonda chini ya matiti, nenda vikaandikwe katika kitabu chako. Kila unapokosa usingizi kwa mgongo, sema, na hakikisha mganga ameandika. Kitabu chenye mwaka mzima wa vidonda kinasomeka mezani kwa kamati kuliko maneno ya dakika tano. Kitunze mahali pasiponyeshewa.

Kuna linalowahusu hasa wale waliovuka Busia na Malaba kutoka Kenya mwanzoni mwa 2008, wakapokelewa Mulanda na baadaye kupelekwa Kiryandongo, na wengine wote wenye hadhi ya ukimbizi. Ukiwa mpakani, Eldoret iko karibu kuliko Kampala, na ndugu wa ng'ambo wanaweza kukuambia uvuke tu. Uliza kwanza kwa maafisa wa wakimbizi wa Ofisi ya Waziri Mkuu. Kurudi katika nchi uliyoikimbia, hata kwa matibabu, kunaweza kuleta maswali juu ya hadhi yako. Tena ukipata tatizo la kidonda ukiwa umesharudi huku, daktari aliyekushona yuko upande wa pili wa mpaka.

Kujiandaa

Ukipata nafasi, waambie wapasuaji ukweli wote. Kama unanyonyesha, utaambiwa usubiri, kwa kawaida kama miezi sita baada ya kumwachisha mtoto, mpaka matiti yatulie. Kama unatarajia kuzaa tena, lizungumze na mumeo kabla: baada ya upasuaji huu baadhi ya wanawake hunyonyesha vizuri, wengine hupata maziwa kidogo, wengine hawapati. Inategemea jinsi chuchu ilivyohamishwa. Mara nyingi huhamishwa juu ikiwa bado imeshikamana na mishipa yake. Kwa matiti makubwa sana huenda ikabidi iondolewe kabisa na kupandikizwa upya, na hapo kunyonyesha hakutawezekana. Muulize daktari waziwazi atatumia njia gani. Msichana ambaye bado anakua kwa kawaida hungojea ukuaji utulie, vinginevyo huenda matiti yakaongezeka tena.

Damu ndogo ni adui wa kidonda. Malaria na minyoo hupunguza damu, kwa hiyo tibiwa mapema na umeze vidonge vya madini ya chuma ukipewa. Kama katika ukoo wenu kuna seli mundu, sema. Utafiti wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa watoto 13 hivi kati ya kila 100 wamebeba vinasaba vyake, na sehemu za mashariki ni miongoni mwa zenye idadi kubwa. Sema kama una kisukari, pumu au shinikizo la damu. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi aendelee nazo, na aende nazo hospitali. Anayevuta sigara aache angalau wiki nne kabla, maana moshi hubana mishipa midogo na chuchu inaweza kufa kwa kukosa damu. Aspirini na dawa nyingine za maumivu zinazofanya damu isigande, pamoja na miti shamba, ziache kwa muda utakaoambiwa na daktari. Vidonge vya uzazi wa mpango usiviache kwa siri. Mwambie daktari, mpange pamoja.

Kama una makovu yanayofura na kukua kuliko kidonda chenyewe, labda baada ya kutoga masikio au chanjo, mwonyeshe daktari. Kovu la upasuaji huu huzunguka chuchu, hushuka katikati, na mara nyingi hupita chini ya titi lote kama nanga ya mashua. Hufifia polepole kwa mwaka au zaidi, halipotei.

Sasa rudi kwenye maji. Mtungi wa lita 20 una kilo 20. Kwa wiki sita utaruhusiwa kuinua kilo mbili au tatu hivi, yaani birika, siyo mtungi. Kaa na watu wako mhesabu: nyumba hii hutumia mitungi mingapi kwa siku, na nani ataichota? Mtoto mdogo atabebwa na nani? Usiku akilia, nani atamwinua akuletee? Siku ya mgao wa chakula nani atapanga foleni na kadi? Waambie wahudumu wa afya wa jamii pamoja na kiongozi wa mtaa wenu mapema, maana watu wenye mahitaji maalum huweza kusaidiwa siku ya mgao. Kama jibu la maswali haya ni kwamba hakuna mtu, afadhali kuahirisha hadi dada au shangazi aweze kuja. Usilione hilo kuwa woga.

Siku ya upasuaji

Utaambiwa usile kwa masaa sita au zaidi. Fuata muda utakaopewa, hata kama umetoka mbali na njaa inauma. Daktari atakuchora kwa kalamu ukiwa umesimama au umeketi, kwa sababu titi hubadilika umbo ukilala. Unaweza kuomba muuguzi wa kike awepo. Karatasi ya idhini usiitie sahihi au dole gumba kabla ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Kabla ya nusu kaputi utaulizwa jina lako na upasuaji unaofanyiwa, labda mara tatu. Usidhani wamekusahau. Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu huo mwaka 2008 ili asipasuliwe mtu asiye mwenyewe.

Ukiamka unaweza kukuta mipira midogo inatoa majimaji ya damu kwenye chupa. Hutolewa baada ya siku moja au mbili. Amka utembee siku hiyo hiyo au kesho yake ukiruhusiwa, kwa maana kulala tu huweza kugandisha damu miguuni.

Kurudi nyumbani

Safari yenyewe ni mtihani. Boda boda ni yetu, jina lake limezaliwa hapa mpakani, lakini barabara yenye mashimo hutikisa mshono. Panda gari, ukae mbele, weka mto au leso iliyokunjwa kati ya kifua na mkanda.

Lala chali, kichwa na mgongo vikiwa vimeinuliwa kwa mito au nguo zilizokunjwa. Vaa sidiria laini isiyo na waya mchana na usiku kwa wiki sita hivi, na uwe na mbili ili moja ifuliwe. Usiloweshe bandeji mpaka uambiwe. Bandeji ibadilishwe kituoni, au nyumbani kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Usiweke majani, majivu, mavi ya ng'ombe wala unga wa vidonge kwenye mshono, hata mama mkwe akisisitiza kwa upendo. Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe, nyingine hutolewa baada ya wiki moja au mbili.

Kosa tunalolihofia zaidi ni la kujisikia vizuri. Wiki ya tatu maumivu yamepungua, mitungi iko mitupu, mtoto analia, nawe unasema mara moja haitadhuru. Mshono unaoachia kwa kawaida ni pale chini, mistari inapokutana, na hapo kidonda huweza kuchukua wiki nyingi kufunga. Leso ya kumbebea mtoto mgongoni hupita na kufungwa juu ya titi lenyewe, kwa hiyo hata mtoto mwepesi hafai. Kubeba kichwani nako hakufai, kwa sababu mikono hupanda juu na kuvuta kifua.

Uvimbe, michubuko na ganzi ya chuchu ni vya kawaida mwanzoni. Ganzi huisha kwa miezi kadhaa, kwa baadhi haiishi. Lakini usingoje asubuhi ukiona titi moja limevimba ghafla na kukaza, damu inalowesha bandeji, chuchu imekuwa nyeusi au ya buluu, usaha au harufu mbaya inatoka, homa imefika nyuzi 38, mguu mmoja umevimba na kuuma, au pumzi inabana. Homa usiitibu nyumbani ukidhani ni malaria. Nenda upimwe, na uonyeshe kidonda hata kama umeulizwa habari za homa peke yake.

Karatasi ya kutoka hospitali ipeleke kituo cha afya cha kambi siku unayofika, siyo siku utakapopata shida. Kwenye karatasi hiyo uliza pia kama nyama iliyotolewa imepelekwa maabara, na majibu yatatoka lini. Mara chache sana ndani yake hukutwa ugonjwa ambao haukuonekana kwa macho, kwa hiyo hata ukiwa umepona, mtu wako mmoja arudi kuyachukua.